Mtutu Uliosingiziwa

Radovan Vymětal aliamka Jumapili na uchovu uleule aliolala nao. Wiki hiyo alikuwa amesimama siku sita mbele ya mashine ya kuchonga vyuma badala ya tano, kwa sababu mwenzake wa zamu alianguka mtini akichuma plamu na kuvunjika mguu. Mtu wa miaka hamsini na nane akisimama siku sita, siku ya saba magoti hayataki kusikia habari ya mtu. Angelala mpaka saa nne, kama si ile bunduki iliyokuwa kwenye kabati la chuma karibu na mlango.

Bunduki ilikuwa na siku tisa ndani ya nyumba na haijafyatuliwa hata mara moja. Kila jioni aliitoa, akaifuta, akavuta komeo nyuma na kulisukuma mbele, akasikiliza mlio wake, kisha akairudisha kabatini. Yeye ni fundi wa vyuma, kazi nzuri huijua kwa kidole. Komeo liliteleza bila kukwaruza popote. Kitako kilikuwa cha mti wa jozi, chenye mistari myeusi inayopinda, na kilinukia mafuta mapya. Ilikuwa bunduki ndogo, ya zile risasi nyembamba kama penseli ambazo pini huzigonga ukingoni, bunduki ya kulengea karatasi na sungura. Bunduki za namna hiyo zimejaa kijijini Podhájí tangu enzi za babu zao, na mwanamume asiyejua kulenga pale huonekana kama mwanamume asiyejua kuogelea mahali penye mto.

Kwa hiyo mke wake, Květa, hakuelewa kwa nini haendi kuipiga. Au alijifanya haelewi. Radovan mwenyewe alielewa vizuri, na ndiyo maana ilikaa kabatini siku tisa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bunduki yake ya zamani ilikuwa imeanza kutawanya risasi. Miaka yote alizoea kupiga tano zikakaa mahali panapofunikwa na kifungo cha koti, lakini tangu mwaka jana hata kikombe hakikutosha kuzifunika. Akatangaza kwamba mtutu umekufa. Pale kwenye kilabu cha shabaha kila anayekosa husema hivyo, ni utani wa siku zote: mtu akitawanya risasi zake huinuka, hujipangusa magoti na kusema, "Mtutu umekufa, jamaa," na wote waliopo huvua kofia na kuinamisha vichwa, kana kwamba jeneza linapita. Kisha hucheka, na marehemu hupewa kitu cha kunywa. Walimvulia Radovan kofia mara tatu, mara nne. Mara ya tano alikuwa ameacha kucheka.

Maana alimkumbuka baba yake. Mzee Alois Vymětal naye mtutu wake ulikufa. Akanunua bunduki nyingine, nayo ikafa. Miaka miwili baadaye hakuweza kufikisha kijiko cha supu kinywani bila kumwaga nusu yake, na kila mtu akajua kwamba mitutu yote miwili ilikuwa mizima, kilichokufa kilikuwa kingine. Basi Radovan aliijua hesabu hiyo hata kabla ya kununua. Ya zamani ikikosa, pana nafasi ya kusema ni chuma. Mpya ikikosa, ni mkono. Ndiyo maana aliiogopa bunduki aliyoipenda, na hofu hiyo ilimchosha kuliko mashine.

"Leo hakuna upepo," Květa alisema jikoni, mgongo umemgeukia, anakata karoti za supu. "Nenda kaipige bwana, uache kuibembeleza kama bibi harusi."

"Nimechoka, mama."

"Umechoka, sawa. Utachoka hata ukikaa. Hynek atakuwa huko tangu saa mbili, anakusubiri."

"Umempigia simu?"

"Ni ndugu yangu, siruhusiwi kumpigia?" Akageuka akamtazama. "Nenda tu, baba. Tujue."

Hata siku ile ya kununua alisema vivyo hivyo. Nunua mpya, tujue. Radovan akachukua koti lake.

Uwanja wa shabaha wa Podhájí uko kwenye shimo la mawe lililoachwa, chini ya msitu, na ulijengwa na wanachama wenyewe kwa mikono yao siku za Jumamosi, miaka ambayo saruji ilipatikana kwa kujuana. Kuna paa la mabati, sehemu sita za kupigia, na mita hamsini mbele yake kuna ukuta wa udongo wenye fremu za mbao. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Hynek Sedlář alikuwa peke yake, amewasha jiko ndani ya kibanda, amevaa kofia yake ya sufu ya kijani ambayo haitoki kichwani mwake Oktoba hadi Aprili, isipokuwa kanisani na kwenye utani wa mitutu.

"Karibu, shemeji," alisema. "Nilidhani umeioa hiyo bunduki kwa siri na umekwenda nayo fungate."

"Dada yako ananifukuza nyumbani. Ni wewe tu uliyenifundisha kuoa ukoo wa watu wenye kelele."

"Nilikuonya. Nilisema huyu ana mdomo, chukua yule mdogo."

"Yule mdogo alinikataa."

"Basi alikuwa na akili. Hebu ilete hapa niione."

Hynek ndiye fundi wa bunduki wa kilabu. Aliipokea kwa mikono miwili, akachungulia mtutu kutoka nyuma akiuelekeza mawinguni. Kisha akachukua karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Kila bunduki ya kiwanda kile hutoka na karatasi yake, yenye matundu matano aliyoyapiga mjaribu wa kiwandani, na sahihi yake chini. Kwenye hii matundu yalikuwa yameingiliana kama petali za ua dogo, na sahihi ilikuwa mkwaruzo mmoja wa kalamu usiosomeka.

"Huyu bwana sahihi hajui kuandika," Hynek alisema, "lakini kupiga anajua. Tuanze na magunia."

Wakaanza na magunia, ndiyo taratibu. Bunduki mpya huwekwa juu ya meza, ikalazwa kwenye magunia mawili ya mchanga, mtu akaketi nyuma yake kwenye stuli na kuigusa kidogo iwezekanavyo, ili kinachojaribiwa kiwe bunduki na si mtu. Radovan alipiga kumi za kwanza bila kuzitazama, kwa kuwa mtutu mpya hauna adabu mpaka uzoee nta iliyopakwa kwenye risasi zake. Mlio ulikuwa mdogo na mkavu, kama mtu anayevunja kijiti. Harufu ya baruti ikamfikia puani. Kwa mara ya kwanza wiki nzima mabega yake yalilegea.

Kisha akapiga tano za kweli. Triga ilikuwa nyepesi na safi, ilikatika bila kuonya, na kila ilipokatika alishangaa kidogo, jambo ambalo wapigaji hulitafuta maisha yao yote. Hynek aliinama kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu.

"Nyingine ziko wapi?" akauliza. "Naona tundu moja."

"Acha masihara."

"Njoo utazame mwenyewe. Ama umepiga moja na nne umezila, ama zote zimepita mlango mmoja."

Radovan alitazama. Lilikuwa tundu moja lenye kingo zilizochakaa, kubwa kidogo kuliko risasi yenyewe, na kifungo cha shati kingelifunika kikabakiza nafasi. Akacheka. Alisikia kicheko chake mwenyewe akashangaa kuwa bado anacho. Akapiga tano nyingine, na tano nyingine tena, kwa risasi za boksi jingine, na zote zikaenda pale pale kwa utii. Alifurahi waziwazi, akaipapasa kama ng'ombe aliyezaa salama, na kwa muda wa nusu saa hivi akasahau magoti, mashine na mzee Alois.

"Bwana sahihi umemshinda," Hynek alisema. "Haya, tufunge. Jiko lina maji ya moto, tunywe chai yenye ramu kidogo, kisha uende ukale supu ya dada yangu. Mjaribu ameridhika."

Alisema haraka mno, tena huku akianza kukunja vitambaa. Radovan akamtazama.

"Bado sijalala chini."

"Leo si lazima. Ardhi ina unyevu, shemeji. Utapata baridi yabisi ya kiuno."

"Godoro liko wapi?"

"Nimechoka hata mimi, ujue. Nimekuwa hapa tangu saa mbili."

"Hynek. Godoro."

Hynek akalileta. Kupiga kwa gunia ni kujaribu bunduki. Pale kilabuni wanaoegemeza silaha kwenye mashindano ni watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, na mtu mzima akiegemeza huulizwa kama mama yake amempa ruhusa ya kutoka. Mtu mzima hulala kifudifudi, ukanda wa ngozi umebana mkono wa kushoto, kiwiko ardhini, hakuna cha ziada. Radovan akalala. Kiuno kikalia, shingo ikalia, akavumilia. Akabana ukanda, akaingiza risasi, akavuta pumzi na kuiacha nusu.

Duara jeusi la shabaha likakaa katikati ya pete ya kulengea ya mbele, kisha likaondoka. Likarudi, likaondoka. Halikuwa likiyumba kwa pumzi, wala kwa mapigo ya moyo, hayo anayajua kwa miaka arobaini. Lilitetemeka, tetemeko dogo la haraka, na kadiri alivyobana ndivyo lilivyozidi. Akapumzika. Akajaribu tena. Mwisho akafyatua lilipopita katikati, kama mtu anayerukia treni, na mara tano akafanya hivyo.

Hakuhitaji darubini. Hynek alikuwa ameinama kwenye hiyo darubini muda mrefu kuliko matundu matano yanavyohitaji.

"Sema," Radovan alisema akiwa bado amelala.

"Mtutu bado mpya, unajua. Mtutu mpya huwa na wazimu. Una joto sasa."

"Kwenye gunia ulikuwa hauna wazimu."

"Gunia ni gunia. Labda skrubu za kitako zimelegea, ukanda ukivuta unapinda. Ninazijua hizo." Hynek akajikuna shingoni. "Nipishe. Nipige mimi, tuone."

Wakabadilishana. Hynek akalala kwa kuguna, akabana ukanda, akapiga tano bila haraka. Radovan ndiye aliyekaa kwenye darubini sasa. Tundu la kwanza lilitokea juu, kulia. La pili chini. La tatu kulia tena, mbali. La nne kushoto, la tano juu. Matundu matano yaliyozunguka duara kwa adabu, kila moja upande wake, kana kwamba yamegawiwa viti.

Radovan hakuondoa jicho kwenye kioo. Hynek Sedlář amepiga kando yake miaka thelathini na minne. Risasi zake huanguka chini kushoto, zimekusanyika chini kushoto kama kuku penye nafaka, kwa sababu huvuta triga kwa kidole chote, na hakuna kocha, mvinyo wala maombi yaliyomponya. Mpigaji huandika kwa risasi, na wenzake huujua mwandiko wake. Katika miaka thelathini na minne Hynek hajawahi kupeleka risasi kulia. Leo alipeleka mbili.

"Umeona?" Hynek aliinuka, akajipangusa magoti. "Hata mimi. Pole, shemeji. Mtutu umekufa. Huu umezaliwa maiti kabisa. Utauandikia kiwanda barua."

Na kofia ya kijani ilibaki kichwani.

Radovan aliitazama ile kofia. Alikuwa ameiona ikibaki kichwani namna hiyo mara moja tu maishani mwake, pamoja na kofia nyingine nane, siku mzee Alois alipoinuka kwenye godoro hapa hapa na kusema maneno yale yale, akisubiri kicheko. Hakuna aliyevua. Utani hauchezwi juu ya mtu anayekufa kweli. Radovan alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake alimgeukia akamwambia, "Ipige wewe, mwanangu, tuone." Naye akalala, akaipiga bunduki nzima kabisa ya baba yake, akatawanya risasi tano kwa makusudi, moja kila upande. "Kweli, baba," akasema. "Mtutu umekufa." Uso wa mzee ukakunjuka kwa raha. Aliiuza ile bunduki kwa bwana misitu wa bonde la pili, na mwaka uliofuata bwana misitu akaleta kadi ya shukrani, ameshinda kwa bunduki hiyo zawadi ya wilaya. Radovan ndiye aliyeipokea ile kadi mlangoni. Aliitia kwenye jiko. Mzee alilaumu viwanda miaka miwili kabla hajakubali kwenda kwa daktari, na daktari akauliza mlikuwa wapi muda wote huo.

"Shemeji," Radovan alisema. "Kofia."

Hynek akapeleka mkono kichwani, akaigusa, akaelewa. Mkono ukabaki pale pale.

"Nilidhani umesahau," akasema hatimaye.

"Nisahauje? Ni mimi niliyeanza."

"Siku ile nilikuwa nimelala godoro la pili. Nilikuona unavyolenga, nikajua unafanya nini. Nikasema moyoni, huyu kijana ana huruma, huyu nampa dada yangu." Hynek alitazama chini. "Leo nikasema, na yeye afanyiwe hivyo. Sikujua la kufanya jingine."

"Haikuwa huruma," Radovan alisema. "Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nilichoka, nilitaka twende nyumbani, na sikuwa na nguvu ya kumwambia. Basi. Ndivyo ilivyokuwa."

Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Yalitoka bila machozi wala kelele, na baada ya kuyasema alijisikia amechoka zaidi, ila ni uchovu wa aina nyingine, wa mtu aliyetua mzigo na bado mabega yanauma. Hynek akaketi kwenye stuli. Kibandani maji yakachemka na kuanza kumwagikia jiko.

"Chai?" Hynek akauliza.

"Nusu tu," Radovan akajibu, kisha akasikia alichokisema.

Alirudi nyumbani saa sita, bunduki begani ndani ya mfuko wake. Aliisafisha kwa nje tu, akaifungia kabatini, na karatasi ya magunia, ile yenye tundu moja, akaiweka ndani kando ya karatasi ya bwana sahihi. Jikoni palinukia mchuzi wa nyama na majani ya figili. Supu ya Jumapili nyumbani kwa akina Vymětal ni ya nyama ya ng'ombe na tambi nyembamba alizokata Květa mwenyewe, na haijawahi kukosekana tangu waoane. Alinawa, akaketi mahali pake.

Květa akaweka sahani mbili mezani, akaketi.

"Vipi?" akauliza.

"Bunduki nzuri. Sijawahi kushika bunduki nzuri kama ile."

"Ehe."

"Mtutu mzima, mama."

Katika nyumba ile maneno hayo yalikuwa na maana moja tu, na wote wawili waliijua. Radovan akashika kijiko, akakiacha, akaitazama sahani yake. Supu iliishia katikati. Aliitazama ya Květa, ilikuwa imejaa mpaka kwenye ua jekundu lililochorwa ukingoni. Akakumbuka kahawa ya asubuhi, kikombe nusu. Kahawa ya jana. Akamkumbuka na mama yake, akimpelekea mzee Alois sahani zisizojaa, miaka na miaka, bila neno, ili asimwage mbele ya watu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Pasaka."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Ungesema ni kijiko." Květa alikuwa akilainisha kitambaa cha meza palipokuwa tayari pamelainika. "Ulisema ni mtutu. Nikasema basi anunue mtutu mpya, akikosa wa kumsingizia atakuja mwenyewe. Nikamwambia na Hynek asikudanganye."

"Alinidanganya."

"Najua. Amepiga simu sasa hivi, analia kama mtoto." Akavuta pumzi. "Daktari yupo kesho saa mbili. Nimekuandikisha tangu ile siku uliponunua. Nimechoka, baba. Nimechoka kupima supu."

Radovan akaisukuma sahani yake mbele ya mke wake.

"Jaza," akasema.

Květa akainuka na upawa, akajaza mpaka kwenye ua jekundu. Radovan akala. Kijiko kilitetemeka njia nzima, na tambi tatu zikaanguka kwenye kitambaa cheupe, na mchuzi ukafuata, doa likakua polepole hadi likafika kwenye mkate. Květa aliendelea kula yake. Walimaliza, akamwongeza, na kitambaa hawakukigusa mpaka jioni.